Ufa Juu ya Kitanda

Obare alipowasha mashine yake ya kusaga mahindi sokoni Ndhiwa, nyumba ya jirani yake, Milka, ilitetemeka yote. Vikombe viligongana kabatini. Ukutani ufa ulizidi kupanda, hadi juu ya kitanda cha mama mkwe wa Milka.

Asubuhi moja tofali lilidondoka likatua kwenye mto. Bahati nzuri mama alikuwa nje anaota jua. Milka hasira zilimpanda. Alilibeba tofali lile hadi kwa Obare.

"Baba Levi, hili limeanguka pale mama analaza kichwa!"

"Mama Cate, nyumba yako ilijengwa vibaya," Obare alisema bila aibu. "Mimi jana nimekaza nati tena."

"Na kila ukikaza, ufa unaongezeka! Unangoja tuzike mtu?"

Kati ya wateja alikuwepo Adhiambo, fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Macalder. Alikuja kumwona dada yake. Aliweka debe lake chini.

"Zima hiyo kitu nione."

Alifungua kifuniko. "Ndani kuna nyundo nne za kupiga mahindi. Moja ni mpya, tatu zimelika. Kwa nini?"

"Ni moja tu ilivunjika," Obare alijibu.

"Basi upande mmoja ni mzito. Ikizunguka, mashine yote inarushwa. Badilisha zote nne, ziwe na uzito sawa."

Kisha akaonyesha sakafu. "Hii simiti imeshikana na ukuta wa mama huyu. Mtetemo unapita hapo. Ikate, uache nafasi. Chini ya fremu weka mpira mnene. Mpira unameza mtetemo. Nati peke yake haimezi kitu."

"Hiyo ni kazi ya siku mbili! Na wateja?"

Wateja walitazamana. Mmoja akainua debe lake, kisha mwingine. Wote wakaondoka. Obare akaenda kutafuta tindo ya kukatia simiti.

Siku ya tatu mashine iliwaka tena. Milka alibandika kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa umetulia kabisa.

Obare akaja mlangoni akitabasamu. "Umeona vile nimekusaidia, Mama Cate?"

Kusaidia! Milka alimtazama kutoka juu hadi chini. Akamwekea mwiko wa simiti mkononi.

"Umeacha kubomoa tu, Baba Levi. Kujenga bado. Anzia pale juu ya kitanda, mama anataka kulala kwake leo."