Mdhamini Asiwe Mchumba

Asubuhi ile korido ya halmashauri ilifurika watu. Tangazo jipya la ruzuku lilikuwa limebandikwa ubaoni, na kila mtu alitaka kulisoma yeye kwanza: viongozi wa vikundi, makocha wa timu za mtaani, kina mama wa kuweka na kukopa. Katikati ya msukumano huo alisimama binti mrefu mwenye gauni la njano, viganja vimejaa vumbi la chaki, akinyoosha shingo bila kuambulia hata neno moja. Huyo ndiye Mwalimu. Mtaa mzima ulimwita hivyo, ingawa chuo cha ualimu alikuwa akikiona kwa nje tu.

"Dada, umenikanyaga," sauti ilisema karibu na sikio lake.

"Jamani, samahani kaka."

"Wala usiondoe mguu. Nilikuwa natafuta sababu ya kukusemesha."

Mwalimu aligeuka akiwa na jibu kali mdomoni. Alimkuta mwanamume mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, kalamu zimejipanga mfukoni kama za karani mkuu. Jibu kali akalisahau. Kijana huyo alikuwa na duka la fotokopi ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa matangazo mengi ya halmashauri yalipita kwanza kwenye mashine yake, alijua nani anatoa nini na kwa masharti gani. Watu walimwita Fursa, na jina hilo lilimpendeza kuliko alilopewa na wazazi.

"Unatafuta ruzuku ya nini?" alimuuliza.

"Ya darasa. Nafundisha watoto viziwi pale ukumbi wa mtaa. Hatuna madawati, hatuna vitabu vya picha, hatuna chochote."

"Basi umepotea. Tangazo hili ni la wafugaji wa kuku."

"Nimesukumwa tangu asubuhi kwa ajili ya kuku?"

"Kwa ajili yangu. Kuku ni kisingizio. Twende nikuoneshe dirisha lako."

Huko dirishani mambo yakawa mengine. Ruzuku ya madarasa kama lake ilikuwapo, ila sharti darasa liwe na mwalimu mwenye cheti. Lugha ya alama Mwalimu aliijua tangu utotoni, kwa sababu ya kaka yake kiziwi, lakini cheti hakuwa nacho, na ada ya chuo alikuwa hata haiwazi. Alitoka pale ameshika tama.

"Usinune, uso haujazoea," Fursa alisema. "Tutakitafuta hicho cheti."

Tutakitafuta. Mwalimu aliuona huo wingi, na njia nzima ya kurudi alikuwa akitabasamu peke yake.

Baada ya hapo simu haikutulia.

"Haloo, ni darasa la wachokozi?"

"Ni nani mwenzangu?"

"Mwanafunzi mtoro. Naomba kurudishwa shule."

"Utoro adhabu yake unaijua?"

"Naijua. Ndiyo maana nimepiga mbio kuja. Fungua mlango, niko nje."

Kweli akawa mwanafunzi. Kila alasiri alifunga duka, akaja kukaa mkekani na watoto, magoti yamemfika masikioni, akijifunza alama. Vidole vyake vilikuwa vigumu ajabu. Akitaka kusema "maji" anasema kitu ambacho hakipo katika lugha yoyote. Watoto walicheka wakipiga sakafu kwa miguu, na wakampa jina lao la alama: kiganja bapa kinachoteleza mbele, kama karatasi ikitoka kwenye mashine. Kwa kelele hizo seremala wa mlango wa pili alitoka na randa mkononi, kama kawaida yake.

"Mwalimu! Watoto wako hawasikii, lakini sisi tunasikia!"

Mwalimu alimpenda Fursa. Hakuna haja ya kuzunguka. Alimpenda mpaka akawa anafua lile gauni la njano kila kukicha, na shangazi yake, aliyemlea, akaanza kuuliza maswali.

"Huyo wa kalamu atakuja lini kujitambulisha?"

"Jumamosi, shangazi. Amesema Jumamosi."

Shangazi akabadilisha mapazia. Lakini Ijumaa Fursa alikuja ukumbini anahema, karatasi ya tangazo ikipepea mkononi. Mkoa ulikuwa unatoa ufadhili wa masomo: miaka miwili ya chuo kwa anayetaka kufundisha viziwi, ada na malazi juu ya serikali, mradi ukimaliza urudi kuutumikia mtaa wako. Alimnyanyua Mwalimu juu juu mbele ya watoto, akamzungusha.

"Cheti hiki hapa! Na ukishakipata, ile ruzuku ya madawati haina pa kukimbilia."

"Miaka miwili mbali nawe?"

"Itapita tu." Kisha, akimtua chini, macho yakamkimbia. "Halafu, ile ya kesho kwa shangazi... tuiahirishe kidogo."

"Kwa nini?"

"Wewe niamini tu."

Mwalimu aliamini, lakini kuanzia siku hiyo hakuelewa tena chochote. Fursa wa kwenye simu na Fursa wa barabarani wakawa watu wawili. Wa barabarani alimsalimia "habari za kazi, Mwalimu" na kupita upande wa pili, kama mtu aliyekutana na mdai wake. Darasani hakukanyaga tena. Watoto walikuwa wakitelezesha viganja hewani wakiuliza karatasi yao imekwenda wapi. Jioni simu ikilia, anayezungumza ni asali tupu.

"Umekula, laazizi?"

"Anayeuliza ni nani?"

"Wako."

"Wangu mbona mchana ananikimbia?"

"Vumilia, mpenzi. Kuna jambo."

"Jambo gani?"

"Nitakwambia ukishaondoka."

"Nikishaondoka! Kwani unanisaidia au unanifukuza?"

Upande wa pili Fursa alikohoa. Kisha, "Umeshabandika picha kwenye ile fomu ya ufadhili?"

Mwalimu alikata simu. Alikaa kitandani akijiuliza kama kuna mwanamume anayeweza kumpenda mtu huku akimkatia tiketi. Alitaka kile chuo. Alikuwa akikiota kabla hata hajakutana na kalamu za mtu. Na alimtaka Fursa. Kwa hesabu yake hivi vitu viwili havikupaswa kugombana, lakini vilikuwa vinagombana, na hakuna aliyemwambia sababu.

Siku ya usaili alifika mapema. Alikuwa amevaa sketi nyeusi ya kuazima na blauzi ya shangazi iliyobanwa pini mgongoni. Alikaa kwenye benchi la korido ile ile ya halmashauri, nje ya ofisi ya afisa wa ufadhili. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani akasikia sauti anayoijua.

"Huyu binti ni nani kwako?" afisa alikuwa anauliza.

"Si mtu wangu," Fursa alijibu. "Ni mwalimu wa mtaa tu. Namfahamu kwa kazi yake, basi."

"Hakuna zaidi?"

"Hakuna zaidi."

Benchi lile lilikuwa la chuma, na Mwalimu alihisi baridi yake yote ikimpanda. Fursa akatoka, akamwona. Alinyanyua mkono kama anataka kusema kwa alama, vidole vikamgomea.

"Anayefuata!" afisa akaita.

Mwalimu aliinuka, akampita bila kumtazama.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, sauti yake ya taratibu. Alimuuliza habari za darasa, za watoto, za kaka yake. Mwalimu alijibu vizuri, kwa kuwa hayo aliyajua hata akiwa usingizini. Kisha afisa akafunga faili.

"Sasa, mama. Huyu aliyetoka hapa ndiye mdhamini wako. Ni nani kwako?"

"Si amekwisha kusema?"

"Nataka nisikie kwako. Mdhamini ndiye anayetuhakikishia kwamba utarudi, na usiporudi tunambana yeye. Kwa hiyo asiwe ndugu, asiwe mume, asiwe mchumba. Tumeshaumizwa sana. Mtu anamdhamini mpenzi wake, anamfuata hukohuko, wanaoana, wanahamia. Mtaa unabaki mikono mitupu. Mwaka jana mmoja kapotea hivyo."

Jumamosi iliyoahirishwa, salamu za barabarani, lile "vumilia", vyote vikajipanga mbele ya Mwalimu. Alitamani kucheka na alitamani kumrukia mtu shingoni, na hakujua amrukie kumkumbatia au kumnyonga.

Jibu lilikuwa rahisi. Jirani tu, mama. Angesema hivyo na chuo kingekuwa chake leo leo. Alilileta neno mpaka kwenye ulimi. Hapo akaona miaka miwili ya kumkana Fursa, na akirudi, waanze kuigiza kwamba ndiyo kwanza wanafahamiana, huku watoto waliompa jina wakiwatazama. Neno likakataa kutoka.

"Ni mchumba wangu," alisema. "Ila bado hajaniambia."

Afisa alivaa miwani, akamwangalia vizuri.

"Hajakwambia?"

"Ataniambia. Au nitamwambia mimi."

Mama yule alicheka mpaka akafuta macho. "Wadhamini wa uongo nimewaona wengi, lakini mchumba asiyejijua ndiye wa kwanza." Kisha akawa mkavu. "Sasa mimi sina la kufanya. Nakupa mpaka Ijumaa uniletee mdhamini mwingine. Usipomleta, nafasi inakwenda kwa anayefuata."

Mwalimu alivuka barabara akiwa hajui kama ameshinda au ameharibu. Dukani mashine ilikuwa inatema karatasi, na Fursa amesimama kando yake ameshika kichwa.

"Nisikilize, mpenzi, yale niliyosema..."

"Nimeshasikia kwa afisa. Nimemwambia wewe ni mchumba wangu."

"Umesema nini?" Karatasi zikamwagika sakafuni. "Umeharibu! Unajua niliwaomba watu wangapi kabla hata sijakuletea lile tangazo? Tangu yule wa mwaka jana apotee na mdhamini wake ahenyeshwe, wote wananikimbia. Nikabaki mimi. Nikasema basi, nitakaa mbali naye, nisimguse, nisimfikie shangazi yake, ili siku ya kuulizwa nisidanganye sana."

"Nisidanganye sana!" Mwalimu hakuweza kuzuia kicheko. "Wewe mwanamume una wazimu. Ungeniambia!"

"Ungekataa kwenda."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Walitazamana. Mwalimu aliona kwamba alichosema Fursa ni kweli. Hasira ikamwisha akiwa bado anaihitaji.

"Mimi si karatasi ya kutoa nakala na kupeleka mahali," hatimaye alisema. "Nikienda, nimekwenda mwenyewe. Na mdhamini nitamtafuta mwenyewe."

Alikwenda kwa seremala. Alimkuta anapiga randa, maranda yamemfika vifundoni.

"Shikamoo, fundi. Nimekuja kukuomba unidhamini."

"Marahaba. Mimi? Mimi ninayekulalamikia kila siku?"

"Ndiyo maana. Hakuna atakayedhani wewe ni mtu wangu."

Mzee aliweka randa chini. Nyuma ya ukuta, upande wa pili, watoto walikuwa wanapiga sakafu kuitana.

"Na usiporudi?"

"Nisiporudi utapata ukimya wako."

Seremala alisikiliza zile kelele kwa muda.

"Ukimya nimeshakuwa nao," alisema. "Kabla hujafungua hilo darasa, hawa walikuwa wanashinda hapa mlangoni, wanaokota vipande vya mbao. Hakuna wa kuwasemesha. Nami sikujua niwasemeshe vipi." Akajipangusa mikono kwenye aproni. "Twende kwa huyo afisa wako. Lakini ukirudi, uwafundishe kutembea taratibu."

Siku ya safari, kituo cha mabasi kilikuwa na vurugu zake: honi, wapiga debe, injini zinaunguruma. Mwalimu alikaa dirishani na lile gauni la njano. Fursa alikuwa ameahidi kuja, na hakuonekana. Alimpigia, simu ikaita bila kupokelewa. Basi likaanza kutetemeka. Mwalimu alijiambia kwamba amemwelewa vibaya tena, kwamba labda tangu mwanzo alikuwa anaelewa vibaya, na machozi yakamlenga.

Ndipo akamwona. Fursa anakata umati, shati jeupe limechanika bega, na anayemvuta mkono, mtandio kichwani na viatu vya sherehe miguuni, ni shangazi mwenyewe. Kumbe Fursa alikuwa amepita nyumbani kujitambulisha kwanza.

Alisimama chini ya dirisha akasema kitu. Hakikusikika. Mwalimu alihangaika na kioo, kilikuwa kimekwama. Fursa akapayuka, honi ikammeza. Basi likasogea kidogo. Hapo akaachana na mdomo, akainua mikono.

Alianza na jina lake la alama, kiganja kikiteleza mbele. Kisha akamtaja Mwalimu. Kisha, polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, akauliza. Abiria waliegemea madirisha. Shangazi, asiyejua hata alama moja, alikunja mikono kifuani akisubiri jibu kama vile yeye ndiye aliyeuliza.

"Anasema nini yule?" mama wa kiti cha pembeni aliuliza.

"Anataka kusema tuoane," Mwalimu alijibu, machozi yakimtiririka huku anacheka. "Lakini kidole kimoja amekikosea."

Mwalimu alibandika viganja kwenye kioo ili Fursa avione vizuri. Akamrekebisha kile kidole. Alisubiri mpaka akamwona anakirudia sawasawa, akikimbia sambamba na basi, ndipo akajibu ndiyo.