Mkono wa Babu Ukutani

Huyu ni Sekela. Ana miaka sita, na maneno elfu sita. Kila kitu yeye: "Mimi naweza!"

Hii ni nyumba ya Bibi, kule milimani. Kuta zake ni za udongo mwekundu. Kiangazi hiki, maua ya njano yameizunguka yote. Kwenu ipo kama hii? Haipo!

Lakini nyumba imezeeka. Imeinama upande mmoja. Mvua zikija, itaanguka.

Shangazi Tumpe amekuja na kamera. "Tuipige picha leo," anasema. "Kesho mafundi wanakuja kuibomoa, na Bibi anahamia nyumba mpya pale nyuma."

"Ngojeni kwanza nivae," anasema Bibi. Anaingia ndani.

Shangazi anaisimamisha kamera uani. Sekela anaitazama nyumba. Mbona nyumba yenyewe haijavaa?

Tena kando ya mlango kuna shimo! Shimo baya, kubwa kama sahani.

"Mimi naweza!"

Anachota maji. Anakanda udongo. Pwa! Pwa! Pwa! Shimo kwisha. Ukuta laini kama shavu la mtoto.

Bibi anatoka na kitenge chake cha bluu. Ananyoosha mkono ukutani, kama afanyavyo kila asubuhi.

Mkono unasimama hewani.

"Sekela," anasema Bibi. "Mkono wa babu yako uko wapi?"

Sekela anaitazama mikono yake yenye udongo.

Shangazi anachuchumaa. "Babu yako alipomaliza kuijenga nyumba hii, alibonyeza kiganja chake hapo. Yeye ameshakufa. Mkono wake ndio tumebaki nao."

"Nilidhani ni shimo," anasema Sekela. Machozi yanamtoka. Maneno elfu sita, yote yamekwisha.

Jua ni kali. Udongo umeanza kukauka.

Sekela anachovya kidole kwenye maji. Anagusa ukuta. Udongo wake ni laini. Chini yake kuna udongo mgumu. Huo ni wa Babu!

Taratibu, taratibu. Maji yanadondoka. Tii, tii, tii.

Kidole kimoja hiki hapa! Wewe unayesikiliza, usipige kelele. Hesabu kwa sauti ndogo.

Taratibu, taratibu. Viwili. Tii, tii, tii. Vitatu. Vinne.

Cha tano hakipo.

"Bibi, kidole gumba kilikaa wapi?"

Bibi anafumba macho. Anaupapasa ukuta. "Hapa, mjukuu wangu."

Taratibu, taratibu. Tii, tii, tii.

Vitano!

Bibi anaweka mkono wake ndani ya mkono wa Babu. Anakaa hivyo muda mrefu.

"Sekela, njoo usimame nami."

Kachaa!

Picha ndiyo hii. Huyu Bibi. Hii nyumba. Na huyu mwenye udongo hadi puani, unamjua. Usimcheke. Wewe ungeweza?

Usiku, wanalala katika nyumba ya zamani kwa mara ya mwisho. Bibi anamfunika Sekela blanketi.

"Bibi, nyumba mpya haina mkono."

"Utaweka wako. Ukuta wake bado mbichi."

Sekela anakitazama kiganja chake. "Ni kidogo."

"Hata cha Babu kilikuwa kidogo zamani."

Sekela anapiga mwayo. "Mimi..."

Usingizi umeshamchukua.

"Unaweza," anasema Bibi. Anazima taa.