Bonge Hageuki

Watoto, mpo? Masikio mmekuja nayo? Haya, tuanze kabla hayajasinzia.

Nyamizi alikuwa na miaka sita na mapengo mawili. Aliishi Mwanza na bibi yake.

Mjomba wake alikuwa fundi vioo. Siku moja alimtengenezea tangi la kufugia samaki. Tangi lenyewe dogo! Ukimimina ndoo mbili, limejaa.

"Sasa kachague samaki," alisema Mjomba. "Utaweza?"

Nyamizi akashika kiuno.

"Kuchagua samaki? Mimi tena!"

Kila Jumamosi alikwenda sokoni na Bibi. Kazi aliijua. Samaki unambonya tumbo. Unamtazama macho. Halafu unachukua mkubwa kuliko wote!

Akabeba ndoo mpaka kwa jirani, Mama Limbu, mwenye bwawa la samaki.

"Shikamoo, Mama Limbu. Nataka samaki wa kufuga."

"Marahaba, mwanangu. Tangi lako kubwa?"

"Kubwaaa!" Nyamizi akatanua mikono mpaka ikaisha.

Mama Limbu akavua sato mmoja. Mnene huyo! Nyamizi akambonya tumbo. Akamtazama macho. Sato naye akamtazama.

"Huyu huyu! Jina lake Bonge."

"Una hakika?"

"Kuchagua samaki? Mimi tena!"

Nyumbani, Nyamizi akamtia Bonge kwenye tangi.

Chubwi!

Bonge akaingia. Maji yakatoka. Paka akahama chumba.

Bonge akaenda mbele. Tok! Pua ikagonga kioo.

Bonge akarudi nyuma. Tok! Mkia ukagonga kioo.

Bonge akataka kugeuka.

Wapi! Bonge hageuki.

"Anacheza," alisema Nyamizi.

Tok! Tok!

"Anacheza... kidogo."

Bonge akapanua mdomo. Pwa. Pwa. Pwa.

Hapana. Bonge hakuwa anacheza.

Mlango ukalia, kriii! Bibi akaingia na chumvi na ndimu. Akachungulia tangi.

"Alaa! Mjukuu wangu! Leo mboga umeleta mwenyewe?"

"Bibi, si mboga! Ni Bonge!"

"Naona. Bonge la mboga!"

"Ni wa kufuga, Bibi!"

"Wa kufuga? Humo? Mbona hageuki? Nani kamchagua?"

Nyamizi akatazama dari. Dari ikanyamaza.

"Mimi tena," akasema, kwa sauti ndogo kama ya mbu.

Bibi akacheka mpaka kitenge kikalegea. "Mjukuu wangu! Umechagua samaki wa sufuria!"

Pwa. Pwa. Pwa.

"Bibi, Bonge atakufa?"

Bibi akaacha kucheka. Akaweka ndimu chini.

"Tukisimama hapa, atakufa. Leta ndoo!"

Wakambeba Bonge, Bibi upande huu, Nyamizi upande ule. Wakakimbia. Chwa! Chwa! Chwa! Maji yakaruka. Sketi ikalowa. Ndala moja ikabaki njiani.

Wakafika bwawani. Chubwi!

Bonge akalala ubavu.

Nyamizi akashika mkono wa Bibi. Bibi akashika mkono wa Nyamizi.

Wakatazama maji.

Mara, mkia, fyuu!

Bonge akageuka! Akageuka tena. Akageuka hata pasipo na haja, kwa kuringa tu.

Nyamizi akalia kidogo. Akacheka kidogo. Vyote pamoja, na kamasi juu yake.

"Basi nichukue huyu mtoto wa sato," akamwambia Mama Limbu, aliyekuwa amesimama kando. "Si mdogo kama kidole?"

"Leo kama kidole," alisema Mama Limbu. "Krismasi kama ndala."

Nyamizi akatazama mguu wake usio na ndala. Akafungua mdomo aseme, "Mimi..."

Akaufunga.

Akaufungua tena, polepole.

"Mama Limbu, mimi sijui. Tangi langu ni la ndoo mbili tu. Nani atatosha?"

"Hapo sasa umeuliza!" Mama Limbu akampeleka pembeni mwa bwawa. "Tazama. Hawa ni furu. Hawa ndio wameshakuwa watu wazima, zaidi ya hapa hawakui."

Nyamizi akainama. Furu wadogo wawili, wana mistari ubavuni, wanang'aa kama vifungo vya shati jipya.

Bibi naye akainama. "Hawa ukiwatafuna hata jino halishtuki," akasema. "Wachukue, wako salama."

Nyumbani, Nyamizi akaweka jiwe tangini. Akaweka majani ya majini. Akawatia furu wake taratibu.

Chup. Chup.

Furu mmoja akaenda mbele. Nyamizi akaziba masikio.

Furu akageuka.

Hakuna tok!

Furu wa pili akazunguka jiwe. Akageuka. Hakuna tok!

Jioni walikula ugali na mchicha. Bibi akakamulia ndimu kwenye mchicha, isije ikanuna.

Kisha wakapanda kitandani, Nyamizi na Bibi.

"Bibi, nani alimtia sato mzima kwenye tangi la ndoo mbili?"

"Simjui. Nani huyo?"

"Mimi tena!"

Wakacheka. Kitanda nacho kikacheka, kriki kriki.

Tangini, furu mmoja akageuka. Furu wa pili akageuka.

Bibi akasogea ukutani. Nyamizi naye akageuka. Nafasi ilimtosha.

Na nyie, geukeni.

Haya, laleni.