Dodoso na Maharage ya Mama Boaz

Wachimbaji wa dhahabu wa Katoro wanapenda kula, na Mama Boaz anapenda kuwapikia. Kila asubuhi anawasha kuni kibandani kwake. Anateleka maharage, anasonga ugali.

Lakini mwaka mmoja wateja walianza kuhama. Maharage yalikuwa yanaungua, na mpishi hana habari. Pua yake iliziba miezi mingi. Uso ulimuuma. Usingizi hakupata. Mume wake, Mayala, alimpa ugoro anuse. Alipiga chafya mpaka machozi yakamtoka, pua ikabaki vilevile.

"Wateja wakiisha, nitafunga kibanda," alimwambia Mayala. Aliogopa kweli.

Siku moja alikuja Kudra, muuguzi wa kituo cha afya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, tuna dodoso, yaani maswali ya kuwauliza watu wenye mafua yasiyoisha. Liliandikwa kwa lugha ya kigeni, tukalitafsiri. Sasa tunalijaribu, tuone kama linapima sawasawa. Unajibu kwa alama. Sifuri ni hakuna shida. Tano ni shida kubwa kabisa."

"Uliza tu."

"Pua inaziba?"

"Weka sifuri. Tunamshukuru Mungu."

"Usingizi?"

"Salama."

"Kunusa je?"

"Hakuna shida kabisa."

Kudra alikunja uso. "Mama, mbona kuna kitu kinaungua?"

Nyuma ya Mama Boaz, sufuria ilikuwa inafuka moshi mweusi. Mayala alicheka mpaka akakaa chini.

"Mficha maradhi, maharage humuumbua!"

Mama Boaz hakucheka. Alilia.

"Mgeni akikuuliza hali, unasema nzuri. Ndivyo tulivyolelewa. Nitaanzaje kumtwisha mgeni shida zangu?"

"Kumbe!" alisema Kudra. "Ndiyo maana wagonjwa wetu wote wanaonekana wazima! Pole, mama. Kosa ni letu. Tumekuuliza kama watu wanaosalimiana."

Kudra na wenzake walilirekebisha dodoso. Mwanzoni waliandika: "Hizi si salamu. Sema shida yako yote ili upate msaada." Swali la kunusa nalo likabadilika: "Unashindwa kusikia harufu ya chakula kinachoungua?"

Wakawauliza watu tena, wagonjwa na wazima. Baada ya siku chache wakarudia. Majibu yalilingana na ya mwanzo. Wagonjwa walipata alama nyingi, wazima chache. Mama Boaz aliongoza!

Daktari wa kituo akampima. "Ndani ya mifupa ya uso kuna vijumba vya hewa," alisema. "Vyako vimevimba muda mrefu. Hujalogwa, mama. Na ugoro uache, unaumiza pua."

Akampa dawa ya kupuliza puani. Kudra akamfundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa kisha yakapoa. Mayala naye akajenga jiko lenye bomba la kutolea moshi.

Miezi ikapita. Kudra akarudi na dodoso lilelile.

"Haya, mama. Kunusa je?"

Mama Boaz alifungua kinywa, kisha akaruka.

"Ngoja! Maharage yanashika!"

Alikimbia jikoni, akaongeza maji, akakoroga. Yalikuwa hayajaungua. Kudra mwenyewe hakuwa amesikia harufu yoyote.

Benchi lilijaa wachimbaji. "Mama, ongeza maharage huku!" walipiga kelele.

Mama Boaz alijifuta mikono akicheka.

"Weka sifuri, mwanangu. Leo ni ya kweli."