Mafuta Yaliyokataa Kuganda

Mwezi wa saba Newala ni mwezi wa baridi. Yasmini aliamka ukungu ukiwa bado umelala juu ya mikorosho, akafagia uwanja, akasugua sufuria kwa majivu, kisha akanawa uso na miguu kwa kata moja tu ya maji. Huku juu maji hayachezewi. Miguu ilipokauka ilipauka, ikawa na michirizi myeupe hadi magotini.

"Leo umekanyaga unga wa muhogo?" Selestini alimtania njiani kwenda shule, na wenzake wa darasa la sita wakacheka. Yasmini hakuwa msemaji. Alivuta sketi yake chini, akaendelea kutembea.

Ijumaa hiyo Mwalimu Kasiani, aliyewafundisha sayansi, alimpa chupa tupu na hela.

"Kwenu ni karibu na soko. Mwambie Mama Sadallah akujazie mafuta ya nazi. Jumatatu tutapima yanaganda kwenye nyuzi ngapi za joto."

Mama Sadallah aliuza mafuta ambayo dada zake waliyapika Mikindani, wakamletea kwa basi. Alimjazia Yasmini chupa hadi shingoni.

Jumamosi Yasmini alijipaka tone moja tu. Miguu iling'aa. Jumapili akapaka miguu yote miwili, mikono na shingo, akaenda kisimani hali akijitazama kila hatua. Jumatatu alfajiri aliishika chupa, moyo ukamruka. Mafuta yalikuwa yameganda kwa baridi, meupe kama tui zito, na karibu nusu hayakuwepo.

Jikoni kulikuwa na dumu la mafuta ya kupikia, yale ya kutoka nje yaliyojaa madukani tangu biashara ziachiwe huru. Yasmini aliisogeza chupa karibu na moto hadi mafuta yakayeyuka, akaongeza ya dumu, akatikisa. Yakawa ya rangi moja.

"Nani atajua?" alijiuliza.

Darasani Mwalimu Kasiani aliyapasha mafuta moto kidogo, akatumbukiza kipimajoto, akaisimamisha chupa ndani ya beseni la maji yaliyolala nje usiku kucha.

"Mafuta ya nazi huganda karibu na nyuzi ishirini na nne," alisema. "Tuone. Selestini, soma kila dakika. Mimi nitakoroga."

"Thelathini!" Selestini alisoma. "Ishirini na saba! Ishirini na tano! Ishirini na nne!"

Darasa zima liliinua shingo. Mafuta yalikuwa bado majimaji.

"Ishirini na mbili. Ishirini." Sauti ya Selestini ilipungua. "Mwalimu, mbona hayagandi?"

Mwalimu alikitoa kipimajoto, akakifuta, akakirudisha. Kilisema ishirini vilevile. Mafuta yalikuwa na ukungu kidogo tu.

"Kipimajoto ni kizima," alisema taratibu. "Haya si mafuta ya nazi matupu."

"Mama Sadallah ametuchanganyia!" Selestini alipaza sauti.

"Sijasema hivyo. Nimesema yaliyomo, sijasema aliyeyatia."

Lakini nani alisikiliza? Yasmini alitazama vidole vyake chini ya dawati. Masikio yalimwaka moto.

Kesho yake mama yake alimtuma chumvi sokoni. Mbele ya meza ya Mama Sadallah wanawake walisimama na chupa zao mikononi. Mama Julia, jirani yao, alikuwa akisema kwa sauti:

"Siku hizi kila kitu ruksa, hata kutuuzia mafuta ya dumu! Shule imeyapima kwa chombo."

"Mama Julia, umekula mafuta yangu miaka sita," Mama Sadallah alijibu. Akamwona Yasmini. "Mjukuu wangu, njoo! Wewe ndiye uliyenunua ya shule. Waambie hawa. Uliniona nachanganya?"

Wanawake wote waligeuka.

"Sikuona," alinong'ona, akakimbia bila chumvi.

Nyuma yake alimsikia Mama Julia akicheka. "Eti hakuona! Hata mtoto hawezi kukutetea!"

Siku hiyo Yasmini hakula. Neno "sikuona" lilikuwa kweli, na lilikuwa uongo kuliko uongo wote aliowahi kusema. Jumatano asubuhi alimkuta Mwalimu Kasiani akifungua mlango wa ofisi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unalia?"

Alimweleza yote, kuanzia miguu hadi sokoni, macho yakiwa ardhini. Alingoja fimbo. Mwalimu aliingia ofisini, akatoka na kipimajoto.

"Mimi umeniambia," alisema. "Lakini aliyechafuliwa jina si mimi, na waliosikia si mimi peke yangu. Twende sokoni."

Walikwenda na kipimajoto na beseni la maji baridi, darasa zima nyuma yao, wakamkuta Mama Julia na wenzake wamesimama tena mbele ya meza na chupa zao. Mwalimu alimwomba Mama Sadallah chupa moja kutoka mezani pake, akayeyusha mafuta, akaisimamisha ndani ya beseni, akampa Yasmini kipimajoto.

"Soma wewe. Kwa sauti."

"Ishirini na saba," Yasmini alisoma, na sauti haikutoka. Akarudia. "Ishirini na saba. Ishirini na tano. Ishirini na nne." Alingoja dakika. "Ishirini na nne." Akangoja tena. "Ishirini na nne."

Weupe ulianza pembeni mwa kioo, ukasogea hadi katikati. Kipimajoto kilisimama wima chenyewe.

"Haya ndiyo mafuta ya nazi," Mwalimu alisema. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akamwacha Yasmini peke yake.

Yasmini alimtazama Selestini, akamtazama Mama Julia, na mwisho Mama Sadallah. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu.

"Ya shule niliyachanganya mimi," alisema. "Nilijipaka mwilini, nikajaza ya dumu nyumbani. Jana niliposema sikuona, nilijua. Nisamehe, bibi."

Hakuna aliyecheka. Mama Julia aliinamia chupa yake, kisha akaisukuma mbele mezani. "Nijazie, mwenzangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nami nisamehe."

Mama Sadallah aliijaza kwanza ile chupa. Ndipo akamgeukia Yasmini.

"Mafuta ungeniomba, ningekupa bure. Hayo hayaniumi. Kilichoniuma ni kukuita mbele za watu, nikidhani nina shahidi." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Nimekusamehe. Lakini nimeumia, ujue."

Mwalimu Kasiani aliwageukia wanafunzi.

"Kipimajoto hakikukosea Jumatatu, wala hakikukosea leo," alisema. "Kinapima kilichomo ndani ya chupa, basi. Nani amekitia, hilo hakiwezi kulisema. Analijua mtu, na akinyamaza, mwingine ambaye hana kosa hubeba aibu yake. Yasmini alichelewa siku mbili, na mmeona siku mbili zinaweza kumfanya nini mtu. Mkikosea, semeni siku hiyohiyo."