Pete Iliyobanduka Upande Mmoja

"Kipande kikishatoka kwenye bafu la kuoshea, hata pumzi yangu hakiioni! Mimi ndiye Mikono Safi!"

Hivyo ndivyo fundi wa chemba alivyowatambia wenzake, kifua mbele kama jogoo anayedhani jua humsubiri yeye. Karakana yao huvalisha vyuma ngozi nyembamba ya rangi ya dhahabu. Chuma huoshwa, hufungiwa kwenye chemba isiyo na hewa, gesi kidogo huingizwa, umeme huigeuza plazma inayong'aa zambarau, na saa mbili baadaye chuma hutoka kinameremeta. Adui ni mafuta ya mwili tu. Ukikigusa chuma kwa mkono mtupu, ngozi hiyo ya dhahabu haishiki.

Simu ikatetema.

"Njoo chumba cha ukaguzi sasa hivi. Utani uuache huko huko."

Ni mchumba wake, mkaguzi wa karakana hiyo hiyo. Harusi Jumamosi, na pete zao za chuma zilikuwa zimetoka kwenye chemba muda si mrefu.

— Angalia kwenye lenzi.

Akainama. Pete ya bibi harusi ilikuwa imebanduka ngozi upande mmoja, alama yenye mistari mistari.

— Ah... mashine tu hiyo, mpenzi. Presha iliyumba.

— Ikayumbia pete yangu peke yake? Mikasi ishirini ya hospitali ilikuwa humo humo, haina hata kovu.

— Labda gesi haikufika ile kona.

— Huu mwaka wa sita nakagua vyuma. Hii ni midomo. Ya nani?

Juzi tu alipiga picha alama ya dole gumba la mwenzake kwenye chuma, akaitupa kwenye grupu la kazini, watu wakacheka siku mbili. Leo aseme nini?

— Ulimpa nani ajaribu pete yangu?

— Hakuna! Haki ya mama!

— Mama muache apumzike. Shangazi zangu wako njiani na mabegi. Niwaambie wageuze?

Kidole cha mkaguzi kilikuwa tayari juu ya jina la shangazi mkubwa kwenye simu.

Mlango ukasukumwa. Mama wa usafi, ndoo mkononi.

— Mwanangu, weka simu chini. Midomo ni ya huyu huyu. Asubuhi nafuta kioo cha chemba, namwona anashusha barakoa, anaibusu pete, anaiweka ndani.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wa huyu uliponza pete.

— Mama, macho yamekudanganya!

— Na masikio je? Uliiambia, "Vumilia joto, mke wangu, ni saa mbili tu."

Mkaguzi alijaribu kukaza uso, ukamshinda.

— Yaani nusura nivunje harusi kwa sababu unaona aibu ya busu?

— Nisamehe. Nilishatamba mno.

— Ikwanguliwe, ioshwe, irudi ndani leo leo. Naiweka mimi. Wewe utakaa nje ya kioo.

— Sawa. Lakini hili mniachie: mikono yangu ilikuwa na glavu muda wote!

Mama wa usafi akaingiza mkono kwenye ndoo, akachomoa glavu moja, ya kulia.

— Hii uliivua ukafutia machozi, bwana harusi. Ikadondoka, nikaiokota.