Aliyebaki Kisimani

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe ishirini na mbili Februari, mwaka wa 2025. Siku hiyo zamu ya tangi ilikuwa ya nyumba yetu.

Hapa Kayole maji ya mfereji huja mara moja kwa wiki. Wakati mwingine hayaji kabisa, wala hakuna mkubwa anayekuja kutuambia kwa nini. Yakija, huingia katika tangi lililochimbwa chini ya ardhi, nyuma ya ploti yetu ya nyumba za kupanga, karibu na kamba za kuanikia nguo. Kabla hayajaja, mzee Phares anayetunza ploti huteremka ndani kwa ngazi ya mbao na kukwangua matope. Kila nyumba ina zamu ya kutoa mtu wa kusimama juu. Kazi yake ni kuvuta ndoo ya matope kwa kamba, kuimwaga na kuirudisha. Mtu wa juu haondoki hadi Phares atoke. Sheria hiyo tuliiweka wenyewe, sisi wapangaji, maana tukingoja wakubwa watuwekee sheria ya kutulinda tutangoja sana.

Mimi niliamka gizani kama kawaida. Nikachemsha chai, nikamwachia binti yangu Nabwire ya kwake kwenye chupa, nikamkumbusha zamu, nikaenda viwandani kutafuta kibarua. Pale langoni tunasimama kwa mstari, msimamizi anatoka na kutuchagua kwa kidole, kama mtu anayechagua mbuzi kwenye soko la Kiamaiko. Siku hiyo kidole kilinipita. Hakusema sababu. Hawasemagi. Nikageuka nikaanza safari ya kurudi.

Lakini kabla sijafika nyumbani lazima niwaeleze habari ya hadithi, kwa sababu jambo lenyewe lilianzia huko.

Nabwire ana miaka kumi na mitatu na yuko Gredi ya Nane. Wiki hiyo mwalimu wao, Mwalimu Kalekye, aliwasomea hadithi ya kutisha. Mzee mmoja anasimulia kwamba ujanani alikuwa mchimbaji wa visima, yeye na rafiki yake. Anasema rafiki huyo alimkosea mara nyingi, naye akanyamaza. Kisha siku moja akamtuma ateremke kisimani kuchukua jembe lililosahaulika. Rafiki alipofika chini, yeye akavuta kamba, akafunika kisima kwa jiwe, akaenda zake. Hakuna aliyejua. Akaoa, akazaa, akazeeka, na sasa anasimulia.

Mwalimu aliwaambia kila mmoja aandike anavyomwelewa huyo mzee, na aonyeshe ni maneno gani ya hadithi yaliyomfanya aelewe hivyo. Basi jioni ya Alhamisi Nabwire alikuwa amekaa kwenye ngazi za ploti na Job, kijana wa jirani anayesoma naye. Mimi nilikuwa mlangoni naosha miguu kwenye beseni.

"Huyo mzee anajigamba tu," Job alisema. "Anasimulia kama mtu aliyefunga bao."

"Alikosewa," Nabwire akajibu. "Amesema mwenyewe alikosewa mara nyingi."

"Alikosewa nini? Nionyeshe hapo kwenye kitabu."

"Wewe Job, hata mtu akilia unamwomba ushahidi."

"Nikikanyagwa mguu, nitasema nimekanyagwa mguu. Yeye hasemi kama ni mguu ama ni mkono. Mwalimu atakumaliza, ngoja tu."

"Afadhali yangu. Wathome wa darasani ameandika eti hakuna kisima, mzee anatunga."

"Wathome hata nyumba yao ikishika moto atasema inatunga."

Wakacheka. Kisha Job akanigeukia. "Baba Nabwire, na wewe unaonaje?"

Mimi shule niliiachia darasa la nne. Lakini niliulizwa, nikajibu. "Huyo mzee alifanya sawa," nikasema. "Angempeleka rafiki yake kwa chifu, kesi ingelala huko mpaka leo. Katika nchi hii mwenye makosa haulizwi na mtu."

"Umesikia?" Nabwire akamwambia Job, akainama na kuandika.

Nyumbani kwetu maneno hayo hayakuwa mageni. Mke wangu Triza alifariki miaka miwili iliyopita. Alishikwa na kifua usiku, akawa hapati pumzi. Tulipofika chini tulikuta lango la ploti limefungwa. Nilimketisha kwenye ngazi nikamshikilia, huku langoni nikisikia vyuma vinagongwa, vinagongwa, na lango halifunguki. Lilipofunguka, barabara ilikuwa imechimbwa na kuachwa hivyo. Tulipofika hospitali tukaambiwa tungoje kwenye benchi kwa sababu mashine ya hewa ilikuwa na mtu mwingine. Hakungoja sana.

Barabara ni ya wakubwa, na hospitali ni ya wakubwa, na mimi sijui ofisi zao. Phares nilikuwa namwona kila asubuhi. Kwa hiyo nyumbani nilimtaja yeye. "Aliyemfungia mama yako lango ni Phares." Nabwire aliyasikia hayo tangu akiwa na miaka kumi na mmoja.

Basi, Jumamosi ile nilifika kabla ya saa ya chakula. Niliona ngazi ya tangi imeegemezwa ukutani, chini ya nguo. Nabwire alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba, mikono ameibana kati ya magoti.

"Zamu imeisha?" nikamuuliza.

Alitazama upande wa tangi. Ndipo nikasikia bomba linanguruma. Maji yalikuwa yamekuja, siku isiyo yake, bila tangazo lolote. Na chini ya ule mngurumo kulikuwa na sauti ya mtu.

"Yuko ndani," Nabwire alisema. "Nilitoa ngazi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka aseme alimfanyia mama nini. Kwenye hadithi yule wa kisimani haulizwi kitu. Mimi nilimuuliza. Akaniambia nirudishe ngazi kwanza. Nikasema aseme kwanza. Halafu maji yakaanza, nikaogopa. Nikaogopa kurudi, nikaogopa kuita watu."

Nilienda mdomoni mwa tangi nikachungulia. Phares alikuwa amesimama kwenye kona, maji yamempita magoti, mikono kwenye ukuta wenye utelezi. Ni mzee kuliko mimi na mguu wake mmoja haukunjiki vizuri. Aliinua uso.

"Baba Nabwire," akasema. "Ngazi."

Nilisimama pale muda kidogo. Nilitaka nione yule niliyekuwa nikimtaja nyumbani kila siku. Nikaona mzee amekunja suruali, anatetemeka, meno yanagongana. Mwenye ploti hakuwa mle ndani. Wakubwa wa barabara hawakuwa mle ndani. Nilikuwa nimechoka, jamani, nimechoka kwa njia ambayo kulala hakuitoi. Nikachukua ngazi nikaishusha, nikamshika mkono akapanda.

Kwa kuwa maji yalikuwa yamefika, wanawake walikuwa wameanza kushuka na mitungi. Mama Job akauliza kumetokea nini, mbona mzee amelowa hivyo.

"Ngazi iliteleza," nikasema.

Phares alinitazama. Hakunikatalia. Ingeishia hapo, na wengi wangesema pole na kuendelea kuteka maji. Lakini Nabwire alikuwa amekuja nyuma yangu.

"Haikuteleza," alisema. "Niliitoa mimi."

Mama Job akaweka mtungi chini. "Wewe mtoto, unajua angeweza kufa mle ndani?"

"Najua, mama."

"Unajua na bado unasimama hapo unasema?"

"Nikinyamaza watamlaumu yeye kwamba hakuweka ngazi vizuri."

Mama Job alitaka kuendelea, lakini Phares aliinua mkono. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu amemfunika leso mabegani. Akaomba chai kwanza. Alipokunywa kidogo akamwita Nabwire asogee.

"Uliniuliza swali," alisema. "Nikiwa kule chini singeweza kukujibu. Mtu aliye kule chini atasema chochote ili atoke, nawe ungeamini chochote. Sasa nimekaa, nakujibu. Usiku ule kufuli halikuwa langu. Jioni yake mwenye ploti alileta jipya, maana nguo zilikuwa zinaibwa, akafunga, akaondoka na ufunguo. Zile kelele mlizosikia ni mimi nikilipiga kwa jiwe. Lilikuwa gumu. Ndiyo maana nilichelewa."

Nilihisi kama mtu amenivuta shati kwa nyuma. "Hukuniambia," nikasema.

"Ungenisikiliza lini, Baba Nabwire? Tangu tutoke kuzika hujawahi kuitikia salamu yangu."

Kweli, sikuwahi kuitikia. Tena niwaambie ukweli ninyi mnaosoma: kuna siku namwamini, na kuna siku naona labda amejitengenezea maneno. Mwenye ploti nilimpigia simu kumuuliza. Alisema hakumbuki mambo ya zamani, akakata.

Wapangaji walikaa siku hiyo hiyo kuamua adhabu ya Nabwire. Wengine walitaka apigwe, wengine walitaka tuhame. Phares ndiye aliyekataa. Alisema Nabwire ashike zamu ya tangi mwenyewe, kila wiki, mpaka shule zifungwe.

"Utampa tena kamba huyu?" Mama Job akamuuliza.

"Huyu ndiye anayejua sasa kazi ya mtu wa juu ni nini," Phares akasema. "Ninyi wengine mnasimama pale mkichati kwa simu."

Jumapili usiku Nabwire alichana alichokuwa ameandika akaanza upya. Jumatatu alikisoma mbele ya darasa. Kisha akamweleza mwalimu yaliyotokea. Mwalimu Kalekye akaniita shuleni kesho yake. Nilienda nikijua naenda kukaripiwa, maana walimu nao ni wakubwa kwa namna yao. Hakunikaripia. Alinipa kiti nyuma ya darasa na kumwomba Nabwire asome tena.

Nabwire akasimama. Alishika karatasi kwa mikono miwili.

"Kwanza niliandika kwamba msimulizi ana haki kwa sababu alikosewa," alisoma. "Nimeirudia hadithi. Hakuna mahali anaposema alikosewa nini. Nilimwamini kwa sababu anaongea kwa uchungu, na uchungu nilikuwa nao hata mimi. Yule wa kisimani hasemi sentensi hata moja. Sijui kama msimulizi ni mwongo. Ninachojua ni kwamba alihakikisha hatuna mwingine wa kumuuliza."

Job, aliyekuwa dawati la mbele, aligeuka akamwambia polepole, "Hapo umeweza." Wathome akasema bado haamini kama kisima kipo, darasa likacheka, na mwalimu akaacha wacheke.

Kisha akasema, "Sikilizeni. Mtu akikusimulia alivyoumizwa, mpe pole, usimcheke. Lakini kabla hujainua mkono wako kwa ajili yake, mtafute yule mwingine umsikilize. Na umsikilize akiwa amesimama mahali salama. Ukimuuliza mtu aliye ndani ya maji, atakuomba ngazi tu. Nabwire alikosea sana, nusura amwue mtu. Lakini alisema ukweli wakati uongo ulikuwa tayari umemwokoa. Kutoka hapo ndipo mtu anaanza kujirekebisha."

Mimi sikuweza kunyamaza. "Mwalimu," nikasema, "haya yote ni sawa kwetu sisi wadogo. Na wakubwa je? Waliochimba barabara wakaiacha? Waliochukua ufunguo?"

"Hao nao waulizwe, mzee Mulongo," alijibu. "Waulizwe kwa jambo lililo wazi, mbele ya watu, bila kuchoka. Lakini hasira yako yote ukimwagia mzee Phares, hao wakubwa wanalala usingizi mzuri. Hawajui hata kama uliwakasirikia."

Nililitafakari hilo. Sikulipenda, kwa sababu ni kweli. Jioni ile nilipomkuta Phares langoni nilimsalimia. Aliitikia kama mtu aliyesalimiwa jana.

Lakini darasani hatukuwa tumemaliza. Mwalimu alipotaka kufunga kitabu, Job aliinua mkono.

"Mwalimu, kuna kitu sielewi. Huyo mzee hakuwahi kukamatwa. Hakuna aliyejua. Angenyamaza mpaka afe. Sasa siku hiyo aliyosimulia, kuna mtu alikuwa anamwambia. Ni nani?"

"Polisi," mmoja akasema.

"Padri," akasema mwingine. "Ni mgonjwa, anatubu."

"Hatubu huyo. Hakuna mahali anaomba msamaha."

"Labda ni mtoto wake," Nabwire akasema, na hakuniangalia.

Mwalimu Kalekye alifungua ukurasa wa kwanza, halafu wa mwisho, akausoma kimya. Akasema hata yeye hajui, waende wasome tena. Wamesoma tena, nami nimesomewa tena mlangoni, miguu ikiwa kwenye beseni. Job anasema moja, Nabwire anasema lingine, na Phares, ambaye siku hizi hupita akasimama kidogo kusikiliza, anatikisa kichwa tu.

Alikuwa anamwambia nani?